Msiisugue bastola ya urithi kabla haijasomwa

Ndugu Mhariri,

Katika safu hii msomaji mmoja aliuliza afanye nini na bastola ya kizamani aliyoikuta kwenye sanduku la marehemu baba yake, na kama kweli ni "ya Mjerumani" kama wazee wa ukoo wanavyosema. Wako waliomshauri aitupe chooni yaishe. Wako waliomwambia aipeleke kwa fundi isuguliwe, ing'ae, maandishi yaonekane. Ushauri wa kwanza ni wa hatari, maana unaiacha silaha mahali ambapo mwingine ataiokota. Wa pili unafuta kile kile anachokitafuta. Naomba nafasi nieleze silaha ya aina hii inavyotambuliwa, na umri wake unavyojulikana.

Nianze na sheria, ambayo haihitaji maneno mengi. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Leseni ni ya mtu, hairithiwi pamoja na shamba na ng'ombe, na uzee wa bastola inayoweza kufyatua si kinga mbele ya polisi. Msimamizi wa mirathi aende kituoni bila silaha, akiwa na cheti cha kifo na leseni ya marehemu kama ipo, aulize silaha ifikishwe vipi. Asiitie kwenye mfuko akapanda nayo daladala. Asiipige picha akairusha kwenye kundi la WhatsApp kuulizia bei. Usomaji utafanyika baadaye, silaha ikiwa mikononi mwa askari mtunza ghala, na kinachohitajika wakati huo ni ruhusa ya kupiga picha, tochi, rula, chaki na kioo cha kukuzia.

Kazi ya kutoa risasi ni ya mtunza ghala, si ya mjomba. Lakini mwambie akuoneshe inavyofunguka, kwa sababu namna inavyofunguka ndiyo dalili ya kwanza ya asili yake. Bastola za Webley na Enfield za Uingereza zina komeo upande wa kushoto karibu na nyundo. Ukilisukuma kwa dole gumba, mtutu unainama mbele na nyota iliyo katikati ya silinda inasukuma maganda yote nje kwa mpigo mmoja. Smith & Wesson ya kijeshi ya Marekani, silinda hutoka kushoto ukisukuma kitufe mbele; Colt za namna hiyo kitufe huvutwa nyuma. Bastola ya jeshi la Kijerumani ya 1879 na ile ya 1883 haziinami wala silinda haitoki kando. Zina kilango kidogo upande wa kulia, nyuma ya silinda. Nyundo inavutwa nusu, silinda inazungushwa kwa mkono, na risasi zinatolewa moja moja kwa kijiti, maana hazina kitoa maganda. Zina pia kitu ambacho rivolva (bastola za silinda) nyingi hazina: wenzo wa usalama upande wa kushoto.

Kwa hiyo kabla hata ya kusoma herufi moja, familia inaweza kuanza kupima hadithi yake. Kama mtutu unainama, uwezekano kwamba silaha ilikuwa ya ofisa wa Kijerumani unapungua sana. Jeshi la Ujerumani lilikuwa limeshahamia bastola ya Luger mwaka 1908, na rivolva zake za zamani zilizofika pwani yetu hazikuwa nyingi ukilinganisha na mafuriko ya silaha za Kiingereza katika vita viwili vikuu. Webley Mark VI (toleo la sita) peke yake zilitengenezwa karibu 300,000. Sishangai kwamba wazee huita "ya Mjerumani" kitu chochote cha chuma kilichowatangulia, lakini tuwe tayari kukuta jina la Birmingham, mji wa viwanda vya silaha wa Uingereza.

Kama silinda imeganda kwa kutu, isilazimishwe. Risasi iliyooza ndani ya silinda ina fataki, kile kidude kinachowasha baruti, yenye kemikali zilizobadilika, na pigo la nyundo ya seremala linaweza kuiwasha. Silaha ambayo haikufunguka ihesabiwe kuwa ina risasi mpaka fundi wa silaha aseme vinginevyo. Kuna aina moja inayodanganya wengi: bastola za fataki za kabla ya risasi zenye ganda la shaba. Hizo hazina mahali pa kupitisha risasi nyuma. Baruti na kidonge cha risasi vinaingizwa kwa mbele ya silinda, na fataki inavishwa kwenye chuchu ya chuma nyuma. Mtu huangalia nyuma, haoni ganda, anasema haina kitu, kumbe baruti imekaa humo tangu enzi za babu wa babu.

Sasa usomaji. Taa ya juu haisaidii. Zima taa, washa tochi, ielekeze kutoka ubavuni karibu sawa na uso wa chuma, kisha izungushe pole pole. Herufi zilizofifia zitatupa kivuli. Kama bado hazisomeki, paka unga wa chaki kwa kidole, kisha futa juu kwa kitambaa kikavu. Unga unabaki ndani ya mifuo na maandishi yanasomeka meupe. Piga picha ukiweka rula kando. Anza juu ya mtutu, nenda ubavu wa kulia wa fremu na wa kushoto, kipande cha chuma kinachopita juu ya silinda, uzunguke silinda yote, maliza na mgongo wa mpini na kitako chake. Mara nyingi watu hupiga picha ya upande mmoja tu, tena ule usio na kitu.

Mark za Webley ndizo rahisi kupanga. Mark I iliingia jeshini 1887 ikiwa na kaliba (kipenyo cha tundu la mtutu kwa inchi) ya .455, Mark IV ni ya 1899, vita vya Makaburu, Mark V ilipitishwa Desemba 1913, Mark VI ilipitishwa Mei 24, 1915. Za kwanza hadi ya tano mpini wake umepinda na kuishia kwa duara, na mtutu wa kawaida ni inchi 4, yaani milimita 102. Mark VI mpini wake ni wa pembe nne, kitako kimekatwa bapa, na mtutu ni inchi 6, milimita 152. Namba ya Mark imegongwa kwenye chuma, na kwenye Mark VI mwaka wa kutengenezwa nao umegongwa kwenye fremu, kwa mfano 1916 au 1917. Hapo hapana haja ya kubuni.

Chukua hadithi inayosikika sana Tanga: babu aliokota bastola baada ya Waingereza kushindwa kule mjini. Mapigano ya Tanga yalikuwa Novemba 2 hadi 5, 1914. Silaha ikisomeka Mark VI, haikuwapo duniani siku hiyo. Babu anaweza kuwa aliipata kweli vitani, lakini ni baadaye, katika kampeni iliyoendelea hadi Wajerumani waliposalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918. Ikisomeka Mark IV au V, hadithi ya Tanga haijathibitishwa, ila angalau inawezekana.

Jina la kampuni nalo lina tarehe. "P. Webley & Son" ni la kabla ya 1897. Mwaka huo kampuni iliungana na nyingine ikawa "The Webley & Scott Revolver & Arms Co.", na kuanzia 1906 likafupishwa kuwa "Webley & Scott Ltd". Bastola isiyo na mwaka wowote, lakini yenye jina hilo la katikati, umeshaibana ndani ya miaka tisa.

Kama mtutu unainama lakini silaha ni ndogo, uko kwenye kaliba ya .38. Hapa venia, kifaa cha kupimia vipenyo, inamaliza ubishi. Pima tundu la silinda kwa nyuma: ganda la .455 lina kipenyo cha karibu milimita 12.2, la .38 ya Kiingereza karibu milimita 9.8, na tundu linazidi hapo kidogo tu. Enfield No. 2 iliingia jeshini 1932, na jina, Mark na mwaka vimegongwa upande wa kulia wa fremu. Toleo la Mark I lenye nyota moja, la 1938, halina mkia wa nyundo. Huwezi kuivuta kwa dole gumba, unavuta kifyatulio tu. Msomaji akikuta mwaka 1934 na nyundo haina mkia asiseme ni ya kughushi. Silaha nyingi za mwanzo zilirudishwa karakana zikabadilishwa nyundo. Inayofanana nayo sana ni Webley Mark IV ya .38, na zilifanana kiasi kwamba Webley walidai fidia serikalini kwa kuigwa. Tofauti ni kusoma jina. Zile za vita vya pili mara nyingi zimegongwa "WAR FINISH", maana kiwanda kilitaka ijulikane kuwa rangi mbovu ni ya vita, si uzembe wake.

Silinda ikitoka kushoto na chini ya kitako kuna pete ya kamba, angalia kama namba ya silaha inaanza na V. Hiyo ni Smith & Wesson iliyotengenezwa Marekani wakati wa vita vya pili. Zilizopewa Waingereza zina mtutu wa inchi 5 na risasi ile ile ya .38 ya Kiingereza, ambayo ni fupi. Ikiwa herufi ni SV, ni ya mwisho mwisho wa vita, baada ya kuwekewa kizuizi kipya cha nyundo ili isifyatuke ikidondoka. Na hapa kuna hatari: baadhi zilipekechwa baada ya vita ili zipokee .38 Special, ambayo ni ndefu zaidi na nyembamba kidogo. Ganda linavimba, wakati mwingine linapasuka. Namba ya silaha ya Smith & Wesson au Colt inaweza kupelekwa kwenye hifadhi ya kumbukumbu ya kampuni husika, nao hujibu kwa malipo lini silaha ilitoka kiwandani.

Baada ya jina njoo kwenye mihuri midogo, ambayo ndiyo shahidi asiye na upande. Nchi nyingi za Ulaya zenye viwanda vya silaha zilikuwa na ofisi ya kujaribu mtutu kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla haujauzwa, na ofisi hiyo iligonga alama yake. Birmingham kati ya 1904 na 1954 iligonga taji juu ya herufi BP, BV na NP. Kabla ya 1904 utaona taji na fimbo mbili za kifalme zilizopishana. Baada ya 1954 herufi ni BNP. Kwenye rivolva alama hizi hurudiwa kwenye silinda, kati ya tundu na tundu, kwa hiyo usiache kuizungusha. Maneno "NOT ENGLISH MADE" yalianza 1925, nayo hayasemi lini ilitengenezwa. Yanasema tu kwamba silaha ya kigeni ilipita Uingereza kujaribiwa kuanzia hapo.

Duara la yai lenye herufi ELG na nyota ni la Liège, Ubelgiji. Likiwa na taji juu, silaha ni ya baada ya Julai 1893. Bila taji ni ya kabla. Liège ilitengeneza bastola za mfukoni kwa maelfu, nyingi zikiiga "Bulldog" ya Webley ya 1872, na nyingi hazina jina la mtengenezaji kabisa. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi wakikuta bastola ndogo ya mtutu mfupi, waanze kutafuta yai hilo. Ikiwa muhuri ni wa Kijerumani wa kiraia, taji juu ya herufi U, B au G linatokana na sheria ya 1891 iliyoanza kutumika 1893. Bastola ya jeshi la Kijerumani haina huo. Ina jina la kiwanda, kama Erfurt chini ya taji pamoja na mwaka, au majina ya watengenezaji wa miji ya Suhl na Sömmerda, na tundu la mtutu lina milimita 10.6.

Alama ya mshale mfupi wenye vidole vitatu, kama unyayo wa kuku, ni mali ya serikali ya Uingereza. Mishale miwili ikigongana ncha maana yake serikali imeiuza au imeitoa. Mshale ndani ya herufi U ni jeshi la Muungano wa Afrika Kusini, na kwetu alama hiyo ina uzito, kwani wanajeshi wa Jenerali Smuts wa nchi hiyo waliingia Afrika Mashariki kwa wingi mwaka 1916. Mshale wenye herufi I ni India, ambayo nayo ilileta askari wake hapa.

Mitego ni mingi, lakini miwili ndiyo huangusha watu kila siku. Wa kwanza ni tarehe za hataza. Colt ya 1873 imeandikwa kwenye fremu tarehe za Septemba 19, 1871 na Julai 2, 1872, na iliendelea kuandikwa hivyo miaka mingi. Hizo ni siku ambazo uvumbuzi ulisajiliwa. Vivyo hivyo "Mle 1873" juu ya mtutu wa bastola ya Kifaransa ni jina la muundo. Mwaka wa kutengenezwa uko ubavuni mwa mtutu, baada ya herufi S. Wa pili ni jina la duka. "Army & Navy C.S.L." ni duka la ushirika la London lililouzia maofisa vifaa, mtengenezaji ni mwingine. Na ukiona "F.T.R." na mwaka, kwa mfano 1953, huo ni mwaka wa matengenezo makubwa ya karakana, silaha yenyewe inaweza kuwa na miaka ishirini zaidi. Nakala za mafundi wa mpakani mwa Pakistan na Afghanistan hujitambulisha zenyewe: N imegeuzwa, taji limepinda, jina la Webley limekosewa herufi.

Risasi zilizokutwa na silaha zihesabiwe, zikabidhiwe, lakini vitako vyake vipigwe picha kwanza. "K 43" ni Kynoch, kiwanda cha risasi cha Uingereza, mwaka 1943. Herufi z baada ya namba ya Mark inaonesha baruti ya nitroselulosi, isipokuwapo ni kordaiti, aina nyingine ya baruti. Risasi inaweza kuwa changa kuliko bastola, kwa hiyo inakwambia silaha ilikuwa bado inalishwa mwaka gani, si ilizaliwa lini. Mkoba wa ngozi nao huwa na jina la fundi na mwaka, ila mikoba ilibadilishwa kama viatu. Na silaha isiendelee kukaa ndani ya mkoba huo: ngozi inashika unyevu na dawa za kutengenezea ngozi zinakula chuma, hasa huku pwani.

Narudi kwenye kusugua. Mihuri ninayoitaja ina kina kidogo sana. Msasa, brashi ya waya, siki, ndimu au maji ya betri vinaimaliza kwa dakika chache, na hakuna fundi anayeweza kuirudisha. Kinachoruhusiwa ni mafuta mepesi ya mashine kwenye kitambaa cha pamba na kijiti cha meno kwenye mifuo, basi. Skrubu zisifunguliwe, bisibisi isiyokaa sawa inakula mdomo wake. Vibao vya mpini vya Mark VI ni vya mpira mgumu mweusi ambao kwa uzee huwa wa kahawia na kuvunjika ukivibana.

Ombi langu la mwisho ni kwa Jeshi la Polisi na makumbusho, kupitia gazeti lako. Silaha zinazosalimishwa huteketezwa, na kwa zile zinazoua leo hilo ni jambo jema. Kenya ilichoma zaidi ya 5,000 Ngong mnamo Novemba 2016. Lakini ndani ya marundo hayo mna Webley za 1916 na pengine bastola za Erfurt, na kila moja ikichomwa bila kusomwa tunachoma waraka. Kabla ya moto, ijazwe kadi moja tu: picha ya pande mbili, mihuri yote, namba, kaliba, na kata au kijiji ilikotoka. Zile adimu zizibwe mtutu na kukatwa kichomeo (ncha inayopiga fataki), zipelekwe Makumbusho ya Taifa au Makumbusho ya Maji Maji Songea pamoja na kadi yake. Familia iliyoisalimisha nayo ipewe nakala, ili wajukuu wakiuliza wasiambiwe tena kwamba ilikuwa "ya Mjerumani".

Wako,
Msomaji, Morogoro